Dawa ya nywele na keratini saluni: hatari iko wapi hasa?

Msusi_Dodoma

Wadau habarini. Nafungua saluni ya wanawake hapa Dodoma, viti vitatu, na kabla sijanunua bidhaa nataka nijue ninachokiingiza ndani. Wateja wanaoulizia ni wa makundi mawili. Kuna wanaotaka kuweka dawa ya kunyoosha nywele kama kawaida, na wengi wao wanadai ile iliyoandikwa "No-Lye" kwa kuamini kwamba haiunguzi. Halafu kuna wanaotaka keratini, ambao wameambiwa kwamba hiyo si dawa kabisa, ni chakula cha nywele.

Naomba mnisaidie:

1. Kati ya dawa ya kopo moja, ya kuchanganya na keratini, ipi ina madhara madogo kwa mteja na kwa msusi?
2. Habari za saratani ya kizazi zina ukweli kiasi gani?
3. Mteja akiungua, au dawa ikimwingia jichoni, nifanye nini papo hapo?
4. Wajawazito na watoto niwakatae?

Nyongeza: maji ya bomba mtaani kwetu yanakatika, nitategemea madumu siku nyingine. Kuna tatizo?

---

Mkemia_Vipodozi

Nianze na hiyo "No-Lye", maana ndiyo inayowaponza wengi.

Dawa ya kopo moja hunyoosha kwa sodiamu haidroksidi, kostiki soda ileile wanayotumia watengeneza sabuni, kwa Kiingereza "lye". Ya kuchanganya, ambayo ndiyo "No-Lye" ya kawaida, huja na krimu yenye kalsiamu haidroksidi, yaani chokaa, pamoja na kichupa cha gwanidini kaboneti. Ukivikoroga pamoja vinazaa gwanidini haidroksidi, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Nyingine zina lithiamu au potasiamu haidroksidi, nazo bado boksi linaandikwa "No-Lye" kwa sababu tu hakuna sodiamu. Zote ni haidroksidi, yaani alkali kali, na pH yake (kipimo cha asidi na alkali) kwa kawaida ni 12 kwenda juu. Ngozi ya kichwa iko kwenye 5 na nusu hivi, na kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara kumi. Kutoka 5.5 hadi 12.5 ni mara milioni kumi.

Mwaka 2019 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha vipimo vya pH vya dawa za aina zote mbili katika jarida la madaktari la nchi hiyo. Zilikuwa kwenye kiwango cha kuunguza ngozi, zikiwemo zinazotangazwa kuwa za watoto. Kwa hiyo picha ya mtoto anayecheka kwenye boksi haibadilishi kilichomo ndani.

Tofauti ya kweli ipo, ila si ile wanayoitaja wateja. Ya kuchanganya mara nyingi huchelewa kuwasha, na hapo ndipo mtego ulipo: mteja hasikii kitu, msusi anaongeza dakika, ngozi inaliwa taratibu. Pia huacha chumvi za kalsiamu kwenye nywele, ndiyo maana nywele zake huwa kavu na hazing'ai. Kwa hizo tafuta shampoo ya kuondoa madini, iliyoandikwa "chelating", utumie mara moja baada ya wiki kadhaa. Na ukishaikoroga, itumie siku hiyohiyo. Iliyobaki ikalala haifanyi kazi sawasawa, na msusi hujaribu kufidia kwa kuiacha kichwani muda mrefu.

Sasa keratini. Keratini yenyewe hainyooshi chochote, ni protini tu. Kinachoushika unywele ubaki umenyooka ni kemikali inayozifunga protini pamoja inapopigwa pasi ya nyuzi 200 na zaidi. Katika dawa za mwanzo kemikali hiyo ni fomaldehaidi, ile ya fomalini inayohifadhi maiti. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeiweka kundi la kwanza, yaani inajulikana kwa hakika kwamba inasababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya hauiruhusu katika vipodozi.

Usitegemee maandishi ya mbele ya chupa. Mwaka 2010 idara ya usalama kazini ya jimbo la Oregon, Marekani, ilipima dawa moja maarufu iliyoandikwa kwamba haina fomaldehaidi. Wastani wa fomaldehaidi ndani yake ulizidi asilimia 8. Mwaka uliofuata FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikamwandikia mtengenezaji barua ya onyo. Ujanja wake ni rahisi: fomaldehaidi ikiyeyuka kwenye maji inageuka kitu kinachoitwa methilini glaikoli, kwa hiyo muuzaji anakuambia kwa kujiamini kwamba fomaldehaidi haimo. Ukiipiga pasi, maji yanaondoka na gesi inarudi kuwa fomaldehaidi hewani. Nyuma ya chupa tafuta majina haya kwa maandishi madogo: formaldehyde, formalin, methanal, methanediol, methylene glycol. Ukiona mojawapo, rudisha chupa. Usipoona hata orodha ya viambato, rudisha vilevile.

---

FundiSaluni_Kinondoni

Mkemia kamaliza upande wa chupa, mimi niseme mkono. Madhara mengi ya dawa ya haidroksidi yanatokana na jinsi ilivyowekwa.

Maji kwanza, dada, na hilo la madumu ni zito kuliko ulivyoliweka mwishoni. Kusuuza dawa kunataka maji yanayotiririka dakika tano kamili, vuguvugu, halafu shampoo mara tatu na kila mara unasuuza tena. Mteja mmoja anaweza kumaliza lita 40. Akiungua, au dawa ikiingia jichoni, unahitaji mengine ya dakika 20 mfululizo. Kwa hiyo weka madumu matatu ya lita 20 kwa kila mteja wa dawa, yawe yamejaa kabla hujafungua kopo, na uwe na tangi dogo la juu lenye koki. Kumwagia kwa jagi hakutoshi, dawa inajificha nyuma ya masikio na kisogoni. Siku ambayo huna maji hayo, siku hiyo suka tu.

Kabla ya kuweka: mteja asiwe ameosha wala kukuna kichwa siku tatu. Kuosha kunaondoa mafuta ya asili yanayokinga ngozi, na kucha au kitana huacha mikwaruzo usiyoiona. Aliyefumua rasta au wivingi leo asiwekewe leo, mpe wiki moja hadi mbili. Aliyepaka rangi asubiri wiki mbili angalau, na kama rangi ilichubua nywele (bluichi), mkatalie. Tenganisha nywele uangalie ngozi kipande kwa kipande kwenye mwanga wa kutosha. Kidonda, chunusi, mba wenye magamba, ngozi nyekundu: hapana. Wateja watakununia, waache wanune.

Muulize pia dawa ya mwisho ilikuwa ya aina gani. Kuna dawa za thio (nyuma utaona "thioglycolate"), zinafanya kazi kwa njia tofauti kabisa na haidroksidi. Nywele zilizopitia moja ukizipaka nyingine zinakatika, wakati mwingine mikononi mwako kwenye sinki. Akiwa hajui, kata nywele chache za kisogoni, zipake dawa pembeni kwa muda wa kwenye boksi, suuza, uzivute. Zikikatika kama uzi mbovu, biashara imeishia hapo.

Kuweka kwenyewe: mafuta mazito ya mgando kwenye ukingo wote wa nywele, masikio, shingo, na kwenye mistari ya ngozi ya kichwa. Nywele zilizokwisha kunyooka zipake kondishena nzito ili dawa isizifikie. Gawa kichwa mara nne, anza kisogoni, pitisha dawa kwenye nywele mpya tu, nusu sentimita kutoka kwenye ngozi. Itasogea yenyewe kadiri inavyopata joto. Nywele za mbele na za pembeni ziwe za mwisho, ni laini na ngozi yake ni nyembamba. Tumia mgongo wa kitana au brashi. Usichane kwa meno ya kitana.

Saa inaanza dawa inapogusa nywele ya kwanza, si unapomaliza kupaka. Hapa wengi ndipo wanapokosea. Boksi likisema dakika 15 na wewe umetumia 12 kupaka peke yako, kisogo kimebakiza tatu. Nywele nyingi zifanywe na wasusi wawili, mmoja kila upande. Usivuke dakika 20 kwa hali yoyote, na mteja akisema "inaniuma" hata dakika ya nne, unasuuza. Usimwambie avumilie. Usimpulizie feni uendelee.

Shampoo ya kuondoa dawa ni ile yenye asidi kidogo, na nyingi zina rangi ya kiashiria: povu likiwa la waridi, dawa bado ipo. Rudia mpaka povu liwe jeupe, kisha rudia mara moja zaidi. Shampoo ya kawaida haifanyi kazi hiyo.

Kugusa mizizi, yaani kuweka dawa tena kwenye nywele mpya, kusiwe chini ya wiki nane. Mimi nasema kumi na mbili. Nywele zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo wiki ya sita una sentimita moja na nusu tu, na dawa lazima itapanda juu ya nywele za zamani.

---

Dkt_Ngozi

Naunga mkono yote ya Fundi. Nijibu la pili na la tatu.

Kuungua. Ondoa dawa kwa kitambaa au mkono wenye glavu, kisha maji yanayotiririka ya baridi ya kawaida dakika 20 au zaidi. Usipake limau, siki, dawa ya meno, asali wala siagi. Watu wanadhani asidi itaua haidroksidi; kweli inaiua, lakini inatoa joto juu ya ngozi iliyokwisha kuungua. Malengelenge usiyapasue. Ngozi ikiwa nyeupe au kijivu na mteja hasikii maumivu, hiyo imeingia ndani, apelekwe hospitali hata kama anacheka. Kidonda kinachotoa maji au usaha baada ya siku mbili tatu vilevile.

Jicho: fungua kope kwa vidole, maji safi kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika 20 hadi 30, mfululizo, lenzi itolewe kama ipo. Kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama anaona vizuri. Alkali huendelea kupenya kwenye kioo cha jicho baada ya maumivu kupungua.

Mtoto akilamba au kumeza: asitapishwe. Kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Futa mdomo, suuza, mkimbize hospitali na kopo lake. Tafadhali usihamishie dawa kwenye chupa ya soda au kopo la mgando, na usinunue dawa ya kupimiwa isiyo na lebo.

Vidonda vinavyojirudia huacha kovu, na unywele hauoti tena kwenye kovu. Upara unaoanzia utosini na kupanuka kama duara kwa wanawake wa Kiafrika una sababu kadhaa, zikiwemo za kurithi, lakini kuungua mara kwa mara hakusaidii. Ule wa pembeni na kwenye paji unatokana na kuvutwa, na nywele zenye dawa zikisukwa kwa kubana huathirika zaidi. Ndiyo maana kuweka dawa Ijumaa na kusuka rasta za kubana Jumamosi ni vibaya. Acheni wiki mbili.

Sasa saratani. Utafiti unaotajwa ni ule wa Marekani uitwao Sister Study, matokeo yake yalitoka Oktoba 2022. Wanawake 33,497 walifuatiliwa kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha, makadirio ya kupata saratani ya mfuko wa uzazi hadi umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Soma namba zote mbili pamoja. Ongezeko ni kubwa, zaidi ya mara mbili, lakini bado wanawake 96 kati ya 100 hawaipati. Utafiti wa namna hii unaonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, na haukutenganisha bidhaa moja moja. Mwaka uliofuata utafiti mwingine wa wanawake weusi wa Marekani ulikuta ongezeko kwa waliokwisha koma hedhi na waliotumia kwa muda mrefu. Tafiti mbili zikielekea upande mmoja, mimi nazichukulia kwa uzito.

Hii si saratani ya shingo ya kizazi tunayoisikia sana kwetu, inayoletwa na virusi vya HPV. Ni ya mfuko wenyewe, hasa ukuta wake wa ndani. Dalili yake kubwa ni damu baada ya hedhi kukoma, hata tone. Mteja wako akikudokeza hilo akiwa kitini, mwambie aende hospitali wiki hiyo.

Na angalieni hesabu hii: zaidi ya mara nne kwa mwaka. Anayegusa mizizi kila wiki nane anafika mara sita, yumo kwenye kundi la hatari. Wa kila wiki 12 anaishia nne.

Figo pia. Baada ya fomaldehaidi kuandamwa, watengenezaji wengi wa keratini wamehamia asidi ya glaioksiliki, kwenye lebo "glyoxylic acid". Mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa walieleza katika New England Journal of Medicine habari ya mwanamke wa miaka 26 aliyeumia figo mara tatu, 2020, 2021 na 2022, kila mara siku ya kunyooshwa nywele: kutapika, kuharisha, homa, mgongo kuuma, huku kichwa kikiwa kimeungua. Walipompaka panya krimu hiyo, figo zake zikajaa fuwele za kalsiamu oksaleti. Asidi inapita kwenye ngozi, mwili unaigeuza oksaleti, fuwele zinaziba figo. Israel walishaeleza wagonjwa 26 mwaka 2023. Basi mteja wa keratini akianza kutapika na kuumwa mgongo siku hiyo au siku chache baadaye, asipewe dawa za malaria tu na kurudishwa nyumbani. Apimwe kreatinini (kipimo cha damu cha kuangalia figo), na aseme kwamba alinyooshwa nywele. Daktari hataliwaza hilo mwenyewe.

---

Msusi_Dodoma

Asanteni sana. Dokta, swali la nne limebaki. Na kwa keratini, nikifungua madirisha na kuvaa barakoa, bado haifai? Wateja wa keratini ndio wanaolipa vizuri.

---

Mkemia_Vipodozi

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali huzuia matone na vumbi. Gesi inapita kana kwamba hakuna kitu. Inayozuia ni ile ya mpira yenye vichujio maalumu vya fomaldehaidi pembeni, na vichujio vyenyewe huisha nguvu na kubadilishwa. Utavaa wewe, je, mteja wako? Na anayesukwa kiti cha pili, na mtoto wake aliyelala kwenye sofa?

Kiwango cha kisheria Marekani kwa mfanyakazi ni sehemu 0.75 katika milioni kwa wastani wa saa nane, na 2 katika milioni kwa dakika 15. Chumba chenye viti vitatu, pasi ya nyuzi 230 na drya inayosukuma hewa kinaweza kupita hapo bila wewe kujua. Macho yanayochoma, koo kukauka, kikohozi, kifua kubana kwa mwenye pumu: ukivipata, gesi ni nyingi. Ubaya wake ni kwamba pua huizoea harufu, kwa hiyo kutosikia harufu si ushahidi wa usalama. Mteja anakaa humo saa mbili mara tatu kwa mwaka. Wewe utakaa humo kila siku.

---

FundiSaluni_Kinondoni

Hapa nitatofautiana na Mkemia kidogo. Mteja wa keratini ukimkataa tu anavuka barabara. Mpe kitu mbadala chenye bei: kuosha, tritimenti ya protini, stimu, kukausha kwa drya na pasi ya nyuzi 180 kwa mpito mmoja na dawa ya kukinga joto. Inakaa mpaka aoshe. Mwambie wazi kwamba ni ya wiki moja au mbili na si ya miezi mitatu. Anayetaka laini anaridhika. Anayetaka miezi mitatu, huyo mwache avuke.

---

Mkemia_Vipodozi

Fundi, hapo hatutofautiani. Nilichokataa ni chupa.

---

Dkt_Ngozi

Wajawazito: hakuna ushahidi imara kwamba dawa ya haidroksidi iliyowekwa vizuri kwenye ngozi nzima inamdhuru mtoto tumboni, kwa kuwa kinachoingia mwilini ni kidogo. Lakini kichwa kilichoungua kinapitisha zaidi. Miezi mitatu ya kwanza mkatalie. Baada ya hapo, kama hawezi kusubiri kujifungua, chumba kiwe wazi na kichwa kizima. Keratini ya fomaldehaidi au ya glaioksiliki hapana, mimba ikiwa ya miezi mingapi pia. Na msusi mjamzito asikae chumba inapopigwa.

Watoto, kataa wote. Ngozi yao ni nyembamba, hawakai tuli, na hawajui kusema mapema kwamba inawasha. Mama akisema nywele za mtoto hazichaniki, mwonyeshe kuchana zikiwa zimelowa na kondishena, kwa kitana cha meno mapana, kuanzia ncha kwenda mzizini.

Kuna jambo la mikono yenu. Wasusi wengi wanasuuza dawa bila glavu kwa sababu nywele zinateleza. Vidole vinapasuka, vinawasha, kisha mzio unakuja na hauondoki. Chukua glavu za naitrili, mpya kwa kila mteja, kwa kuweka na kwa kusuuza.

---

Mkaguzi_Mstaafu

Kwa Tanzania, vipodozi vilihama kutoka TFDA (mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo) kwenda TBS (shirika la viwango) mwaka 2019. Kabla hujalipa muuzaji wa jumla, mwombe uthibitisho kwamba bidhaa imesajiliwa TBS, uone jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho na orodha ya viambato. Piga picha lebo ya kila kopo unalofungua, na uwe na daftari la wateja: tarehe, bidhaa, namba ya toleo, dakika ilizokaa kichwani. Mteja akipata tatizo, ukurasa huo ndio daktari atakaouhitaji. Ukimfungulia mteja mpya ukurasa, swali la kwanza la kuandika liwe aliwekewa nini mara ya mwisho, na lini.